Mkia Uliotaka Kuwa Kichwa

Jumatatu, tarehe 10 Agosti

Leo historia imenigeuzia uso, nami nimeutazama bila kupepesa. Mama Mkunga ametangaza kwamba msafara wa hisani wa Jumamosi utakuwa wa mwisho kwake. Goti. Amezalisha nusu ya mji huu siku za kazi na kuongoza pikipiki zetu siku za mapumziko, sasa goti limesema basi. Jumapili tutachagua kichwa mpya wa chama.

Kichwa ni anayeendesha mbele. Ndiye anayekata kona wa kwanza, ndiye anayeingia getini wa kwanza, ndiye anayepigwa picha. Sisi wengine ni shingo, mgongo na viungo vingine visivyotajwa.

Nilitupa macho ukumbini. (Ukumbi ni gereji ya shemeji yangu: viti vya plastiki, sakafu ya mafuta, kalenda ya betri.) Nani mwingine? Mwoka Mikate ni mtu mwema, lakini anaendesha kana kwamba amebeba mayai. Waliobaki ni wafuasi wa kuzaliwa. Mimi nina umbo, nina sauti, nimesoma vitabu, na nina pikipiki inayosikika mtaa wa pili kabla haijaonekana. Naiita Mheshimiwa.

Kikwazo ni kimoja tu. Daktari wa Meno. Pikipiki yake hailii. Inapita kama friji. Nimesimama mbele ya wanachama wote nikauliza: mtu asiyetaka kusikika, anaficha nini? Akajibu kwa upole kwamba kutwa anasikiliza mashine ya kutoboa meno na watu wazima wakilia, kwa hiyo akitoka kazini anatamani kimya. Gereji nzima ikacheka naye.

Hivyo ndivyo madikteta wanavyoanza. Kwa kuchekesha.

Jumanne, tarehe 11 Agosti

Mkakati wa kwanza: ukarimu.

Jumamosi tunapeleka viti vya magurudumu kwa watoto wa kituo cha tiba ya viungo, nje ya mji. Desturi ya chama ni kwamba hakuna anayekwenda mikono mitupu. Kwa hiyo viti vimefunguliwa vipande vipande, na kila mwanachama atafunga kipande nyuma ya pikipiki yake, huyu fremu, yule gurudumu, na tutaviunganisha kule kule watoto wakitazama. Kuna watu hujiuliza kwa nini visipakiwe tu kwenye gari. Hao hawajui maana ya sherehe.

Nikaona pengo. Viti havina mito! Mimi nina duka la magodoro. Nimekaa kutwa nikikata sponji na kushona vitambaa vyekundu, na juu ya kila mto nimechapa kwa herufi nene: MFALME WA MAGODORO. Si tangazo. Ni sahihi ya msanii.

Mke wangu, ambaye ni dereva wa basi la shule na hana haya na mtu, alichukua mto mmoja akausoma, akaugeuza, akausoma tena. Akauliza kama nimefikiria kwamba watoto watamkalia mfalme kutwa nzima.

Nikaendelea kushona. Viongozi wakubwa wote waliolewa na watu wasiowaelewa. Waliwaoa, nataka kusema.

Jumatano, tarehe 12 Agosti

Njama!

Kikao cha kugawa nafasi. Kwa faida ya watakaosoma shajara hii nikiwa sipo (wanafunzi wa vyuo, watu wa makumbusho), naeleza utaratibu wetu. Hatutumii ramani. Anayejua njia ni kichwa peke yake. Kila tukifika njia panda, yule anayemfuata kichwa anasimama pale na kuwa nguzo. Kazi ya nguzo ni kuwaonyesha wenzake pa kukata, na haruhusiwi kuondoka, anyeshewe au achomwe na jua, mpaka aone mkia. Mkia ni pikipiki ya mwisho kabisa, na dereva wake anavaa kizibao cha rangi ya chungwa. Kizibao ndicho kinachoangaliwa, si sura, maana ndani ya helmeti wote tunafanana. Mkia akitokea, nguzo yuko huru, anaingia mbele yake na safari inaendelea. Mtu akiharibikiwa njiani, mkia anasimama naye. Kwa utaratibu huu hajawahi kupotea mtu.

Sasa sikiliza. Daktari wa Meno akainuka, akasema nafasi ya mkia inahitaji mtu anayeaminika kuliko wote, kwa sababu mwenzake wa mbele hamwoni, na akapendekeza jina langu. Makofi. Mama Mkunga akasema amefurahi, maana alikuwa anajiuliza nitafaa wapi.

Mkia! Nitakula vumbi la chama kizima. Picha zitapigwa getini nami niko kilomita huko nyuma, naungana na wenye pancha.

Nikasimama. Nilikusudia kulipua. Nikajikuta nasema nimeguswa sana na heshima hii. Makofi yale yalinichanganya.

Nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba Daktari amenizika nikiwa hai. Akasema kwa anavyomwona, Daktari ameniamini tu. Wema wa namna hiyo ndio hatari kuliko yote, nikamwambia. Akaongeza sauti ya redio.

Alhamisi, tarehe 13 Agosti

Nimeamka na jibu. Lilinijia nikipiga mswaki, jambo lenye kejeli yake ukizingatia adui ni nani.

Fikiri. Kila njia panda inammeza mtu mmoja, na anayemezwa ni yule aliye nyuma ya kichwa. Kwa hiyo kadiri njia panda zinavyozidi, ndivyo watu wa mbele wanavyopungua. Zikiwa nyingi vya kutosha, mwishoni nyuma ya Mama Mkunga hatabaki mtu. Nafasi itakuwa wazi. Na nafasi iliyo wazi humngoja mwanamume mwenye pikipiki yenye kasi.

Nimekwenda hospitali kumwona Mama Mkunga. Nimemkuta kati ya wajawazito wawili, nikaeleza kwa kifupi. La kwanza, tuache barabara kuu, tupite mitaani, kona baada ya kona, ili wananchi waione hisani kwa macho yao. Akakubali, akasema ni wazo zuri, kwa mshangao ambao sikuupenda. La pili, nikapendekeza kwa moyo mweupe kwamba heshima ya kumfuata kichwa tangu mwanzo apewe Daktari wa Meno.

Akasema, baba, kumbe umekua.

Daktari atamezwa na njia panda ya kwanza! Kabla hata injini haijapata moto! Nimetoka hospitali natembea kama mtu aliyepata mtoto wa kiume.

Ijumaa, tarehe 14 Agosti

Jaketi la ngozi limenibana. Ngozi husinyaa ikikaa kabatini, hilo linajulikana kisayansi. Mama mkwe, aliyekuja kutusalimia, akasema halijasinyaa hilo, mwanangu. Nimemheshimu kwa sababu ni mzazi.

Nikamsomea hotuba niliyoandaa kuitoa getini. Inaitwa "Kushikamana". Alisikiliza hadi mwisho kisha akaomba maji. Mke wangu ndiye atakayeendesha pikapu ya matengenezo kesho, pamoja na shemeji na vifaa vyake. Nimewapa maelekezo yote. Walikuwa wakila.

Jumamosi, tarehe 15 Agosti

Naandika mguu ukiwa kwenye beseni la maji ya chumvi. Nitaeleza kwa utaratibu, maana yatasemwa mengi.

Tuliondoka gereji asubuhi, jua zuri, watu wamejaa vibarazani. Mama Mkunga mbele, Daktari nyuma yake akiwa na fremu ya kiti mgongoni kama kobe, kisha msururu mzima wa magurudumu na vyuma. Mimi nyuma kabisa na kizibao changu cha chungwa, mito imefungwa nyuma yangu hadi kisogoni. Pikapu ilichelewa kidogo kutoka kwa sababu shemeji alikuwa anatafuta spana aliyokuwa ameishika.

Hata njia panda ya kwanza hatujafika, pale kwenye kiwanda cha mbao, Mwoka Mikate akapata pancha.

Nilisimama. Iandikwe kwamba nilisimama. Lakini huku nimesimama nikasikia mngurumo wa msafara unapungua, unapungua, na kila ulivyopungua ndivyo nilivyoona uongozi wa chama unavyonitoka mikononi. Nikamwambia Mwoka, kaka, pikapu iko nyuma yetu, itakufikia sasa hivi. Akasema, lakini si wewe ndiye mkia? Swali la haki. Nikavua kizibao nikamvisha yeye. Nikamwambia: sasa mkia ni wewe. Akasema, mkia gani usiotembea? Sikulisikia vizuri, nilikuwa nimeshawasha Mheshimiwa.

Na hapo, ndugu zangu wa vyuoni, ndipo mkakati wangu ulipofanya kazi kama ulivyochorwa.

Njia panda ya kwanza: Daktari wa Meno! Amesimama karibu na kituo cha basi, mkono umenyooka kuelekea kushoto, gamba lake la kobe mgongoni. Nikampita kwa kishindo. Akapaza sauti kusema jambo. Nadhani alinipongeza. Mheshimiwa alikuwa ananguruma, sikusikia. Njia panda ya pili: fundi cherehani na magurudumu mawili. Naye akapaza sauti. Ya tatu, muuza vioo. Alipunga mikono yote miwili. Sijawahi kushangiliwa hivyo maishani. Kona baada ya kona, wanachama wamesimama imara, nami napita katikati ya mji kama bwana harusi. Nilijisemea: nidhamu gani hii! Hawatikisiki!

Mtaa baada ya mtaa. Kisha nyumba zikaisha, na mbele kabisa nikaiona pikipiki ya Mama Mkunga. Peke yake. Nyuma yake hapana mtu, sawasawa na hesabu yangu. Nikaingia getini nikiwa wa pili. Watoto wamepangwa uani. Mpiga picha wa gazeti yupo. Nilishuka taratibu ili apate muda.

Mama Mkunga alivua helmeti, akatazama barabara. Barabara ilikuwa tupu. Akanitazama mimi. Akatazama kifua changu, pale ambapo kizibao kingepaswa kuwepo.

Akauliza mkia uko wapi. Nikasema uko katika mikono salama. Akauliza mikono ya nani. Nikasema ya Mwoka. Akauliza Mwoka yuko wapi. Nikasema kwenye kiwanda cha mbao, ana pancha.

Alikaa kwenye ngazi. Akaongea polepole, kama anavyoongea, nadhani, na mama anayezaa mara ya kwanza. Akasema: kwa hiyo chama kizima kimesimama kwenye kona za mji, kila mtu peke yake, kinasubiri kizibao.

Na hakuna aliyepokea simu. Nguzo anakatazwa kushika simu akiwa kazini. Sheria hiyo niliitunga mimi mwenyewe, miaka iliyopita, na bado naiona nzuri.

Basi tulikuwa na watoto uani, msimamizi wa kituo, mpiga picha, na mito. Hapakuwa na kiti. Kiongozi wa kweli hujulikana wakati kama huo. Nikapanda kwenye ukingo wa maua nikatoa hotuba yote ya "Kushikamana". Nilipofika mahali panaposema sisi ni mwili mmoja, Mama Mkunga alifunika uso kwa glavu.

Kisha nikagawa mito. Msichana mmoja, mdogo, mwenye ulimi kama wembe, akaupokea wake akauchunguza. Akauliza kama ndicho kiti. Nikamweleza kwamba hii ndiyo sehemu ya starehe, sehemu nyingine ziko njiani. Akaniambia: "Babu, kukaa najua. Nilitaka kwenda."

Babu! Bado sijafika huko. Lakini nitasema ukweli, maana hii ni shajara yangu: niliangalia pembeni kidogo.

Chakula cha mchana kikaliwa. Vyombo vikaoshwa. Mpiga picha akaanza kufunga mkoba wake. Halafu tukasikia mngurumo.

Walikuja wote. Wamebabuka kwa jua, wamejaa vumbi, lakini wote, mmoja baada ya mwingine, fremu na magurudumu na vyuma. Wa mwisho kabisa, nyuma ya wote, ilikuja pikipiki ndogo yenye sanduku la mikate, na juu yake mtu wa kizibao cha chungwa. Akavua helmeti. Mke wangu.

Ikawa hivi. Pikapu ilimkuta Mwoka amekaa barabarani amevaa kizibao. Shemeji akaziba pancha. Mwoka akasema kwa leo inatosha, akaingia kwenye pikapu, na shemeji akashika usukani. Mke wangu akachukua kizibao na pikipiki, akapita kona hadi kona kuwafungua watu. (Mke wangu alipata leseni ya pikipiki kabla yangu, jambo lisilohusiana na chochote.) Daktari wa Meno alikuwa amesimama muda mrefu kiasi kwamba bibi mmoja wa kituo cha basi alikuwa ameshafungua kinywa na anatazamwa jino.

Shemeji na wenzake wakaunganisha viti. Yule msichana alipata cha kwanza. Hakusema asante, hakungoja picha. Aliondoka kwa kasi, akanipitia juu ya kidole gumba cha mguu, akaenda hadi mwisho wa ua, akageuka, akarudi. Akasema mwenye magurudumu lazima awe na helmeti, akanyoosha mkono kuiomba yangu. Mpiga picha alikuwa anatutazama. Nikaitoa.

Tulipofika nyumbani mke wangu alisema kwamba kwenye basi lake, mtoto mmoja akibaki, gari haliondoki. Nikamwambia basi na msafara ni vitu viwili tofauti. Akaniletea chumvi ya mguu.

Jumapili, tarehe 16 Agosti

Siku ya uchaguzi. Picha imetoka gazetini: mito yangu, na kiwiko changu. Maandishi yanasomeka vizuri sana. Dalili njema.

Hatupigi kura kwa karatasi. Wagombea wanapanga pikipiki zao uani, na kila mwanachama anaweka helmeti yake mbele ya gurudumu la anayemtaka. Kura ya wazi, ya kiume. Nilimwegesha Mheshimiwa pale jua linapompendeza. Kwa kuwa helmeti yangu ilikuwa imebaki kituoni, niliazima ya shemeji.

Nilijitetea kabla ya kushambuliwa. Nikasema kilichotokea jana kilikuwa jaribio la nidhamu, na wanachama wamefaulu, hakuna nguzo hata mmoja aliyeondoka, na anayepaswa kushukuriwa kwa matokeo hayo ni aliyebuni jaribio. Fundi cherehani alionyesha shingo yake, ilivyobabuka. Nikamwambia mapinduzi yote yana makovu.

Daktari wa Meno akainuka. Nikajiandaa. Akasema yeye hagombei. Akasema alipokuwa amesimama pale kona alianza kuogopa kwamba hakuna atakayekuja, na aliyekuja ndiye anayemtaka. Mwoka Mikate akadakia, akataja jina la mke wangu.

Nikapinga kwa kanuni! Mgombea lazima awe na pikipiki! Mke wangu, bila kuinua sauti, akasema kadi ya Mheshimiwa ina jina lake. Hilo ni kweli kwa upande wa karatasi tu. Ilinunuliwa kwa fedha za kikundi chao cha akina mama wa mabasi, na mimi nikaipa jina.

Mama Mkunga akaamua: gurudumu la mbele ni la mke, la nyuma ni la mume.

Sitaeleza kila helmeti. Mbele ilijaa mpaka zikaanza kubingirika. Nyuma palikuwa na moja, ile niliyoiweka mimi. Kisha shemeji akaja, akaniomba radhi, akasema ile ni yake, akaiokota akaipeleka mbele.

Jumanne, tarehe 18 Agosti

Nimelala juu ya matokeo, na sasa nayaona kwa ukubwa wake. Katika historia ya chama, hakuna pikipiki iliyowahi kupata helmeti nyingi kuliko Mheshimiwa. Ushindi wa kishindo! Kichwa cha chama kinalala nyumbani kwangu, juu ya godoro langu. Na mshauri wake ni mimi; washauri wa namna hiyo ndio huendesha dola.

Kichwa mpya ametangaza ratiba wakati akipakua chakula. Msafara ujao ni wa kuchangia damu. Yeye atamwendesha Mheshimiwa, ni lazima, kwa sababu ya itifaki. Mimi nimepewa pikipiki moja kuukuu ya shemeji, inayokohoa. Na nafasi yangu ni nguzo, njia panda ya sokoni. Akanieleza kama anavyoeleza watoto wa basi: unasimama, unaonyesha kulia, unasubiri mkia. Basi. Nikaitikia. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

Hajui alichonipa.

Nimekwenda sokoni leo kupakagua. Nimesimama pale katikati, nimenyoosha mkono kushoto, kwa majaribio tu, na mkokoteni wa vitunguu ukakata kushoto. Bila kuuliza! Hapo ndipo nilipoelewa siasa nzima ya mambo haya. Kichwa yuko mbele, sawa, hongera zake. Lakini msafara haumwoni kichwa. Msafara unamwona nguzo. Nguzo akionyesha kulia, wanakwenda hospitali. Nguzo akionyesha kushoto, wanakwenda kushoto, wote, na kushoto, mtaa wa pili, ndipo lilipo duka langu la magodoro.

Nitajenga jukwaa mbele ya duka. Vipaza sauti. Mpiga picha. Wachangia damu watalala juu ya magodoro yangu kwa starehe, na hotuba nimeshaianza.

Lipo tatizo dogo. Hotuba itatolewa dukani, na mimi nitakuwa sokoni, nimeshikiliwa kwenye njia panda mpaka mkia upite. Nimelifikiria jioni nzima na nimelipatia dawa.

Sitausubiri mkia.